Mkeka, balbu au paneli: kipi kinafaa kupasha joto kizimba cha nyoka Arusha na Moshi

Kabla hujatoa shilingi mfukoni, weka kipimajoto kwenye chumba atakachokaa nyoka, halafu kisome saa kumi na moja alfajiri. Ukiweza, fanya hivyo mwezi wa sita au wa saba. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto la nje hushuka hadi nyuzi 12 au 13 za Selsiasi. Ndani ya nyumba ya tofali isiyo na silingi bodi utasoma 16, labda 18. Ngaramtoni na vijiji vya miteremko ya Meru ni baridi zaidi, Usa River ni afadhali. Moshi mjini, kwenye mita 800 na ushei, chumba cha aina hiyohiyo usiku huohuo kinaweza kubaki kwenye 20 au 21. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kifaa. Kinachomtosha nyoka wa Pasua au Majengo, Moshi, mwaka mzima kinaweza kumwacha nyoka wa Njiro, Arusha, akiwa amepoa kila alfajiri, japo kifaa ni kilekile na kimefungwa vilevile.

Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Anajipima kwa kuhama kati ya upande wenye moto na upande wa baridi, na ndiyo maana kizimba hupashwa upande mmoja tu. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi (Python regius) anataka nyuzi 31 hadi 32 upande wa moto, 25 au 26 upande wa pili, na usiku isishuke chini ya 24. Nyoka wa mahindi wa Marekani (Pantherophis guttatus) anatosheka na 28 hadi 30 upande mmoja na 22 hadi 24 upande mwingine, na usiku huvumilia hata 20. Nyoka wetu wa nyumba, jamii ya Boaedon, yule anayefuata panya stoo, yuko karibu na huyo wa Marekani. Suala la karatasi limalizwe kwanza: wanyamapori wa Tanzania wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na chatu wa Afrika wako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kibali kinatangulia kizimba.

Joto likipungua, chakula hakisagiki. Panya anaozea tumboni na nyoka anamtapika baada ya siku mbili tatu. Hali hiyo ikiendelea, mapafu yanashikwa: utaona mdomo uko wazi, mapovu, na pumzi yenye sauti ya kukoroma. Joto likizidi, madhara huanzia tumboni, kwenye magamba mapana. Usitegemee kwamba nyoka atajiondoa mwenyewe akianza kuungua. Anaweza kulala juu ya kitu cha nyuzi 45 kwa saa nyingi, kwa sababu hewa inayomzunguka ni baridi na mwili wake bado unatafuta joto. Majeraha mengi ya moto hutokea usiku wa baridi namna hiyo, kwenye kizimba ambacho hewa yake ni baridi na kina sehemu moja tu yenye moto.

Mkeka wa joto

Ni karatasi ya plastiki yenye njia za kaboni ndani yake, wati 7 hadi 35, unene kama wa jalada la daftari. Hubandikwa chini ya kizimba, nje, ukichukua theluthi moja ya sakafu. Umeme unaokula ni mdogo kuliko kifaa kingine chochote tutakachotaja, na kwa nyoka wa ardhini anayependa kulala mafichoni joto la chini linamfaa.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: haupashi hewa. Chumba kikiwa na nyuzi 17, sakafu juu ya mkeka itasoma 31, na sentimita kumi juu yake hewa itakuwa 19. Mtu anaona namba ya themostati (kidhibiti kinachowasha na kuzima kifaa kulingana na joto) iko sawa, anaridhika, kumbe nyoka anapumua hewa ya baridi usiku kucha. Kwa Moshi mjini mkeka peke yake unatosha kwa nyoka wa mahindi na nyoka wa nyumba karibu mwaka mzima. Kwa Arusha unatosha Novemba hadi Machi. Miezi ya baridi utahitaji kifaa cha pili au kizimba kinachohifadhi joto.

Makosa ya kufunga mkeka ni yaleyale kila mahali. Kizimba cha kioo kinalazwa juu ya meza bila miguu, mkeka unabanwa katikati, joto halina pa kutokea na kioo kinapasuka. Inua kizimba kwa vipande vya mbao au mpira vya nusu sentimita kila kona. Kosa la pili ni matandiko mazito. Maranda au maganda ya nazi ya sentimita nane juu ya mkeka yanazuia joto kupanda: juu kunakuwa baridi, mwenye nyoka anaongeza themostati, kisha nyoka anachimba na kukifikia kioo chenye nyuzi 48. Upande wa mkeka matandiko yasizidi sentimita mbili. Kama kizimba ni cha mbao, mkeka wa chini hautafanya kazi ya maana, maana plaiwudi ya milimita 18 inazuia joto. Wala usiuweke ndani wazi. Nyoka atausukuma, ataukojolea, na plastiki iliyokunjwa ndiyo inayoungua.

Balbu ya seramiki

Hii inafanana na balbu lakini haitoi mwanga. Ni udongo uliochomwa wenye waya ndani, wati 60, 100 au 150. Inapasha hewa na vitu vilivyo chini yake, usiku na mchana, bila kumsumbua nyoka kwa mwanga. Kwa Arusha ya Juni ni silaha ya kweli: wati 100 kwenye kizimba cha mbao cha mita moja na robo kitainua upande wa moto kutoka 17 hadi 31 bila shida.

Gharama yake ni hatari ya moto. Uso wa balbu hii unapita nyuzi 200. Inahitaji holda ya kaure, kamwe si ya plastiki. Hapa ndipo wengi wa huku hukwama: holda nyingi za majumbani kwetu ni zile za pini mbili za kubonyeza na kuzungusha, wakati balbu za seramiki karibu zote ni za skrubu, E27. Duka la umeme litakuuzia adapta ndogo ya plastiki ya kubadilisha pini kuwa skrubu, na kwa balbu ya LED haina neno. Ukiifungia seramiki ya wati 100, plastiki inalainika, balbu inaning'inia, mwishowe inadondoka kwenye maranda. Agiza holda ya kaure ya E27 yenye sehemu ya kufungia waya wa ethi, na nyaya zinazoingia humo ziwe za kuvumilia joto.

Ikiwa ndani ya kizimba, izungushie wavu wa chuma, na wavu uwe mbali na balbu angalau sentimita tano kila upande. Nyoka hupanda, hujizungusha kwenye kitu chochote chenye joto, na hatoki. Kati ya balbu na mgongo wa nyoka akiwa juu ya tawi la juu kabisa pawe na sentimita 25 au zaidi.

Inakausha hewa pia. Nyoka aliyekaukiwa anavua ngozi vipandevipande badala ya soksi moja, na vipande hubaki kwenye macho na ncha ya mkia. Weka boksi dogo lenye mosi (mimea laini inayoshika maji) au taulo mbichi upande wa baridi, na bakuli pana la maji. Miezi ya ukavu Arusha, Januari na Februari, hili si la hiari.

Balbu ya vifaranga

Inapatikana kirahisi: duka lolote la pembejeo, soko la Kilombero Arusha au Mbuyuni Moshi, linayo, nyekundu au nyeupe, mara nyingi wati 250, wakati mwingine 175 au 100. Bei yake ni ndogo kuliko ya seramiki, na ndiyo maana watu huanza nayo.

Kwa kizimba cha nyoka mmoja, wati 250 ni nyingi mno. Imetengenezwa kuning'inia juu ya banda la vifaranga, hewa ikipita pande zote. Ndani ya boksi la mita moja upande wa baridi nao unapanda hadi 34 na nyoka hana pa kukimbilia. Mwanga mwekundu nao si giza. Nyoka anauona, na usiku hatulii. Tone la maji baridi likigusa kioo chake chenye moto, kinaweza kupasuka. Ya wati 100 inaweza kutumika mchana tu, nje ya kizimba juu ya wavu, ikiwa na themostati, wakati unasubiri kifaa sahihi. Zaidi ya hapo tunaikataa.

Paneli ya joto

Ni bapa, hufungwa kwenye dari ya kizimba kwa skrubu, wati 40 hadi 80. Inatoa joto kwa eneo pana na uso wake haufikii hata nusu ya moto wa seramiki, kwa hiyo haihitaji wavu, haina holda ya kuyeyuka, na nyoka akiigusa kwa bahati mbaya haungui papo hapo. Kwa chatu aliyekua, kwenye kizimba cha mbao, Arusha, hakuna kifaa tunachokipendekeza zaidi ya hiki. Tatizo ni kukipata. Haiuzwi madukani huku. Inaagizwa kutoka nje, na ushuru na usafiri vinaweza kuipita bei yenyewe. Unapoagiza, hakikisha imeandikwa volti 220–240. Paneli nyingi zinazotengenezwa Marekani ni za volti 120, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 haimalizi dakika nyingi.

Mawe ya joto yenye waya ndani yake, usinunue. Yanapasha mahali pamoja tu, waya ukiharibika upande mmoja unakuwa moto kupindukia, na nyoka amelala hapohapo kwa tumbo.

Jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi halina mjadala: moshi usioonekana wa kaboni monoksaidi unaua nyoka na unaua watu.

Umeme unaokula

Hesabu hizi zimechukua bei ya kawaida ya LUKU, takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, na kwamba themostati inawasha kifaa sehemu tu ya muda.

| Kifaa | Muda wa kuwaka | Uniti kwa siku | Shilingi kwa siku |
|---|---|---|---|
| Mkeka wati 20 | nusu ya saa 24 | 0.24 | 85 |
| Paneli wati 80 | asilimia 60 | 1.15 | 410 |
| Seramiki wati 100 | asilimia 60 | 1.44 | 513 |
| Balbu ya vifaranga wati 250 | asilimia 40 | 2.4 | 854 |
| Hita ya mafuta ya chumba, wati 1,500 | nusu ya saa 12 | 9 | 3,204 |

Kama nyumba yako iko kwenye bei ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, angalia kwa mwezi mzima. Seramiki moja ni uniti 43. Ukichanganya na friji na pasi unavuka, na hapo unaanza kulipia bei ya juu. Hita ya chumba ina maana pale tu penye vizimba vingi, kumi na kuendelea, ndani ya chumba kimoja kidogo chenye silingi.

Themostati kwanza

Kifaa chochote kati ya hivi bila themostati ni hatari, mkeka ukiwemo. Habari njema ni kwamba themostati inayotumika kwenye mashine za kutotolesha mayai, ile STC-1000, ipo kwa mafundi wa Arusha na Moshi na inafanya kazi. F1 ni joto unalotaka, F2 ni tofauti, F4 ni kusahihisha usomaji. Weka F1 kwenye 31 na F2 kwenye 1: itawasha ikifika 30 na kuzima ikifika 31. Hakikisha ni ya volti 220, kwa sababu inayofanana nayo kwa sura ipo ya volti 12. Haina boksi, kwa hiyo fundi aifunge ndani ya kasha la plastiki la umeme, vichwa vya nyaya visibaki nje. Inafaa mkeka na seramiki. Kwa balbu ya mwanga haifai sana, itawaka na kuzimika kama gari linalotaka kukata kona.

Ielewe inavyokufa. Ndani yake kuna swichi ya sumaku, na midomo ya swichi hiyo ikichoka inaweza kugandana. Ikigandia imefungwa, kifaa kinawaka bila kukoma wakati kioo cha namba kinakuonyesha kwa unyenyekevu kabisa nyuzi 41. Dawa ni themostati mbili zilizofuatana kwenye waya uleule wa moto: ya kwanza kwenye 31, ya pili kwenye 35. Ya kwanza ikigandana, ya pili inakata. Gharama ya ziada ni ndogo ukilinganisha na nyoka, sembuse nyumba.

Sensa, yaani ncha ya waya wa themostati inayopima joto, ndiyo chanzo cha pili cha ajali. Ikichomoka na kuanguka sakafuni nje ya kizimba, inasoma baridi ya chumba na kuamuru moto bila mwisho. Ikilowa maji ya bakuli, vivyo hivyo. Ifunge kwa klipu au silikoni iliyokauka kabisa. Usitumie gundi ya utepe ndani ya kizimba, kwa sababu nyoka hunasa na magamba yanang'oka. Kwa mkeka, sensa ikae kati ya mkeka na kioo. Kwa seramiki na paneli, iwe pale nyoka anapolala, chini ya kifaa.

Kisha weka vipimajoto viwili visivyohusiana na themostati, kimoja kila upande. Vile vya bunduki vilivyojaa mitaani tangu Korona vinafaa kupima uso wa sakafu, ila vibadilishe kwanza viwe kwenye hali ya kupima vitu. Vikiwa kwenye hali ya kupima mwili vinarekebisha namba ili zilingane na mtu, na havisomi chini ya nyuzi 32 au karibu na hapo. Utapata namba nzuri ya uongo.

Umeme ukikatika, na ukirudi

Hapa kizimba kina uzito kuliko kifaa. Cha kioo chenye mfuniko wa wavu kinapoteza joto ndani ya saa moja au mbili. Cha plaiwudi ya milimita 18 chenye kioo mbele tu, na foamu nyeupe ya kupakia televisheni ikibandikwa nje pande tatu, kinashika joto mara kadhaa ya hapo. Kwa Arusha tungeanza na kizimba cha mbao hata kabla ya kufikiria paneli, na fundi seremala yeyote anakitengeneza. Foamu isifike karibu na seramiki, na matundu ya hewa yasizibwe: machache chini upande wa baridi, machache juu upande wa moto.

Umeme ukikatika usiku, zima soketi, funika kizimba kwa blanketi, na ingiza chupa ya maji ya nyuzi 40 iliyofungwa kwa taulo. Maji ya kuchemka yanaunguza kupitia taulo. Nyoka mzima wa afya anavumilia saa nane za nyuzi 20 bila madhara, mradi hana chakula tumboni. Ukisikia tangazo la matengenezo ya laini, usimlishe siku mbili kabla.

Betri inabadilisha hesabu ya kuchagua. Mkeka wa wati 20 unaowaka nusu ya muda unakula wati 10 kwa wastani, yaani watisaa 100 kwa usiku wa saa kumi. Seramiki inakula 600, na hiyo ndiyo nusu ya betri ya asidi ya 12V 100Ah, kiasi ambacho hupaswi kukipita kama unataka betri idumu.

Umeme unaporudi huja na mruko. Friji gadi ileile ya jikoni, inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, inaokoa themostati. Ndani ya plagi weka fyuzi ya ampea 3 badala ya 13. Wati 100 hazifiki hata nusu ampea. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yanayotiririka yaishie kwenye mkunjo.

Tungechagua hivi

Moshi mjini, nyoka wa mahindi au wa nyumba: mkeka wati 20, themostati mbili, kizimba cha plastiki au kioo chenye mfuniko uliozibwa nusu. Tatizo la Moshi ni Februari na Machi, mchana ukipita nyuzi 32. Nyumba ya bati bila silingi inaweza kupandisha upande wa baridi hadi 35 kifaa kikiwa kimezimwa, na hapo kinachotakiwa ni kuhamishia kizimba chini, ukuta wa kaskazini au kusini, mbali na dirisha.

Moshi mjini, chatu: mkeka hautoshi kwa uzito wake, seramiki ya wati 60 au paneli, kizimba cha mbao.

Arusha mjini, nyoka mdogo: kizimba cha mbao chenye seramiki ya wati 60 ndani ya wavu. Ukiwa na kioo tayari, mkeka chini na seramiki juu, kila kimoja na themostati yake, Mei hadi Septemba.

Arusha, chatu aliyekua: paneli ya wati 80. Ikichelewa bandarini, seramiki ya wati 100 yenye holda ya kaure, wavu na ethi.

Marangu, Kibosho, Ngaramtoni: kama Arusha, ila ongeza foamu na panga wati 150 badala ya 100.

Chochote utakachochagua, kiwashe siku mbili kizimba kikiwa kitupu, katikati ya usiku wa baridi na saa nane mchana usome pande zote mbili, na shika plagi kwa mkono: ikiwa ya moto, soketi imelegea, mwite fundi umeme kabla ya kumwingiza nyoka.